Re: Cheti cha kwanza kinatosha kuzamia Dania, Mombasa?

Ndugu, umeuliza kama cheti cha mwanzo cha uzamiaji kinakutosha kuzamia MV Dania, ile meli iliyolala chini ya bahari hapo Mombasa, na kama kuna cha kuona zaidi ya chuma. Cheti hicho kinakuruhusu mita 18, nayo Dania imekaa kwenye kina cha karibu mita 30. Mita 30 unapumua hewa ya mtungi mara nne ya unavyopumua juu, na naitrojeni huanza kukulevya kidogo kidogo. Kwa hiyo chukua kozi ya pili kwanza, au mwambie kiongozi wako mbaki sehemu za juu za meli. Ndani usiingie, hata mlango ukiwa wazi.

Kuhusu samaki, usiwe na shaka. Dania haikuzama kwa ajali. Ilikuwa meli ya kubebea mifugo, ikazamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya viumbe vya bahari. Chuma kimeshaota matumbawe. Utaona wale samaki wapana kama sinia wakikufuata bila woga, na chewa wakubwa wamejibanza kwenye vivuli. Samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka, mtazame kwa mbali: ule mdomo anaofungua na kufunga si vitisho, anapitisha maji kwenye mashavu yake ili apumue, lakini ukipeleka kidole ni shauri yako.

Msimu? Mimi ningengoja kaskazi. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na boti nyingine hazitoki kabisa.