Uliza Ujibiwe: Rossi alishinda mbio 5, Hayden 2, mbona kombe likaenda kwa Hayden?

SWALI: Asalam aleikum mhariri. Mimi ni mtu wa boda hapa Malindi, steji yetu iko Maweni. Kuna mzee wa Kitaliano wa huko Casuarina huwa nampeleka sokoni asubuhi, anampenda kupita kiasi Valentino Rossi, raida wa MotoGP, zile mbio za pikipiki za dunia, kofia yake ya njano ina 46, namba ya Rossi. Juzi akaniambia mwaka 2006 Rossi alikosa ubingwa kwa sentimita chache, nikaona anapiga chumvi. Nilipofika stejini vijana nao wakasema mwaka huo Rossi alishinda mbio 5 na Nicky Hayden, mpinzani wake, 2, sasa huyo wa 2 alikuaje bingwa? Tumebishana mpaka abiria wakatukimbia.

JIBU: Waaleikum salam kaka. Mzee wako hapigi chumvi, lakini hajakupa hadithi yote.

Kombe ni la pointi, si la kuhesabu nani kashinda mara nyingi. Wa kwanza 25, wa pili 20, wa tatu 16, inashuka hivo mpaka wa 15 anapata 1. Msimu ule ulikua na mbio 17, Hayden akamaliza na 252, Rossi 247. Na msimu wa Rossi uliharibika tangu kona ya kwanza ya mbio ya kwanza, kule Jerez, Hispania, raida mwenzake Toni Elías alimgonga akaanguka, akainuka akamaliza wa 14. Baadaye, mbio za Shanghai tairi zikamkataa akatoka, Le Mans anaongoza injini ikafa, Assen kaumia mkono kwenye mazoezi akaendesha na maumivu yake akawa wa 8, Laguna Seca injini tena. Huyu ni mtu aliyechukua ubingwa miaka 5 mfululizo, 2001 mpaka 2005, na baada ya Laguna Seca yuko nyuma ya Hayden pointi 51. Watu walishamzika.

Hayden yeye alikua anafanya kile nyinyi wa boda mnakijua sana, kila siku usirudi nyumbani mfuko mtupu. Leo wa tatu, kesho wa pili, akibanwa sana wa tano. Brno mambo yalimkataa kabisa akawa wa 9, lakini pointi 7 akazibeba. Alishinda Assen na Laguna Seca tu, ila katika mbio 15 za kwanza hakuna hata moja aliyotoka bila kitu. Mimi namheshimu sana mtu wa namna hiyo na sioni haya kusema, maanake wengi huona ushindi wa mbio tu ndo kazi.

Alafu Rossi akafufuka. Brno wa pili, Sepang wa kwanza, Phillip Island wa tatu, Motegi wa pili, pengo likabaki pointi 12 na mbio 2.

Sasa njoo Estoril, Ureno, tarehe 15 Oktoba. Sitaisahau, ilikua Ramadhani, tumefunga, tumejazana sebuleni kwa rafiki yangu Barani, feni moja watu kumi na tatu, koo zimekauka. Mzunguko wa 5 Dani Pedrosa, mwenzake Hayden wa timu moja, rangi moja, Honda moja, akajaribu kupita kwa ndani, akaanguka akamzoa na Hayden. Wote wawili changaraweni. Hayden aliinuka anarusha mikono kwa hasira, na pale sebuleni hakuna aliyesema neno, hata wale wa Rossi walinyamaza.

Kilichofuata ndo kile mzee wako anachokizungumza. Rossi akabaki na Elías, yule yule wa Jerez, wakatoka kona ya mwisho bega kwa bega na Elías akamshinda kwa sekunde 0.002. Tuseme walikata mstari kwa kilomita 250 kwa saa, hiyo ni kama sentimita 14, shibiri haijatimia! Rossi akapata 20 badala ya 25. Zile 5 angezipata angemaliza na 252 sawa na Hayden, na mkilingana anachukua mwenye ushindi mwingi, yani Rossi. Kwa hiyo mzee yuko sawa.

Lakini mwambie hivi ukimpeleka sokoni. Baada ya Estoril Rossi ndo alikua mbele, kwa pointi 8, na ya mwisho ilikua Valencia tarehe 29, Idd imepita juzi tu. Angemaliza wa pili tu basi, hata Hayden akishinda. Alianza nafasi ya kwanza kabisa, akaondoka vibaya, wakampita kundi zima, na mzunguko wa 5 tairi la mbele likateleza mwenyewe, hakuna aliyemgusa. Akainua pikipiki akamaliza wa 13. Troy Bayliss alishinda na pikipiki ya Ducati, Hayden wa tatu, analia ndani ya helmeti. Rossi alimfuata akampa mkono, na mimi hapo ndo nilimpenda Rossi zaidi kuliko kwenye ushindi wake wowote.

SWALI: Mimi ni mama, niko Langoni, Lamu. Mwanangu kabandika 69 kwenye pikipiki yake, anasema mwenye namba hiyo alikufa na baiskeli. Ni kweli au ananitisha?

JIBU: Ni kweli mamangu. Nicky Hayden alikua anafanya mazoezi ya baiskeli huko Italia, karibu na Rimini, akagongwa na gari tarehe 17 Mei 2017, akafariki hospitalini tarehe 22. Alikua na miaka 35. Hiyo namba ni ya babake, Earl, aliyekua raida naye, alikua akisema hata ukianguka kichwa chini miguu juu watu bado wataisoma. Mwaka 2019 ikastaafishwa, hakuna tena raida wa MotoGP atakayeivaa. Mwanao kaiweka kwa heshima, muache nayo.

SWALI: Hizo pikipiki za kina Rossi zina cc ngapi, yani ukubwa wa injini? Yangu ni 125. — Watamu njia panda

JIBU: Mwaka huo wa 2006 zilikua 990, nguvu farasi zaidi ya 200. Ya Hayden ilikua na silinda 5, ya Rossi 4, yako ina moja. Mwendo wao kwenye barabara iliyonyooka unapita kilomita 300 kwa saa. Mwaka 2007 zikashushwa mpaka 800 ili kupunguza spidi, kwa hiyo Hayden ndo bingwa wa mwisho wa zile 990.