Tati za siagi za Krismasi: mikono ya chapati iweke kando

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Umehamia Ontario, Kanada, mwaka huu, jirani amekualika chakula cha Krismasi na amekuomba uje na tati za siagi, vile vipai vidogo vya ganda la unga vyenye shira ya siagi na sukari ndani, ambavyo madukani vinaandikwa butter tarts. Umejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ganda lilitoka gumu, mara ya pili shira ya ndani ilifura, ikamwagika na kuungua hadi tati zikagoma kutoka kwenye trei. Na unauliza kama zinaokeka bila mafuta ya nguruwe.

Zinaokeka, tena vizuri sana. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniumiza mimi.

Nimekulia Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Ontario, karibu na mji wa Barrie. Disemba ya kwanza niliingia duka moja la mikate, nikamuuliza muuzaji kama tati zao zina mafuta ya nguruwe. Akanijibu hapana, ni siagi, jina lenyewe linasema. Nikabeba dazeni nzima, watoto wakala. Wiki iliyofuata nikarudi, nikaona karatasi ya viungo imebandikwa nyuma ya boksi, na mafuta yenyewe yameandikwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mkubwa. Sidhani yule muuzaji alikusudia kunidanganya. Yeye alikuwa anafikiria kilichomo ndani, mimi nilikuwa naulizia ganda. Kwa hiyo ukienda kununua popote, uliza habari ya ganda. Siagi inayotajwa kwenye jina ni ya ndani. Ganda la kizamani la huku mashambani lilikandwa kwa mafuta ya nguruwe, na waokaji wengi wanaendelea hivyo hadi leo. Kwenye pakiti tafuta neno lard kwa Kiingereza au saindoux kwa Kifaransa, maana lebo za Kanada zinaandikwa kwa lugha zote mbili. Uliza pia kuhusu zabibu, kwani wako wanaoziloweka kwenye pombe ya ramu wakati wa sikukuu. Mimi naziloweka kwenye chai ya rangi ya moto, dakika 15, kisha nazichuja na kuzikausha kwa kitambaa. Zinatoka laini na zina harufu nzuri.

Sasa tuje kwenye ganda lako gumu. Umesema uliukanda unga "mpaka ukalainika vizuri". Hapo ndipo tatizo lilipo, na ni tatizo la kila mmoja wetu aliyefundishwa jikoni kwa chapati na maandazi. Sisi tumezoea kwamba unga usiokandwa ni uvivu. Chapati inataka kukandwa, kwa sababu unga wa ngano ukipata maji na nguvu ya mikono hujenga nyuzinyuzi zinazovutika, na ndizo zinazokuwezesha kusukuma chapati ikawa pana bila kuchanika. Kwenye tati nyuzi hizo huzitaki kabisa. Zikijengeka, ganda linajikunja kwenye oveni na kutoka gumu. Unachotaka ni vipande vidogo vya mafuta baridi vilivyozungukwa na unga. Vikipata moto vinayeyuka na kuacha nafasi, na ganda linamomonyoka mdomoni.

Kwa tati 12 napima unga wa ngano wa kawaida gramu 250, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi isiyo na chumvi gramu 90 na mafuta magumu ya mimea gramu 50, yale ya jamii ya Kimbo. Siagi inaleta ladha. Mafuta ya mimea hayana maji ndani yake na hayayeyuki haraka mikononi, kwa hiyo yanamsaidia anayejifunza. Vyote viwili vitoke friji, vikatwe vipande kama punje za kunde. Unavifikicha kwenye unga kwa ncha za vidole tu, kiganja kisiguse, hadi uone chenga, nyingine ndogo kama mchele na nyingine kubwa kama mbaazi. Hizo kubwa ziache, usizimalize. Piga kiini kimoja cha yai na kijiko kimoja cha chai cha siki na vijiko vitatu vya chakula vya maji ya barafu, mwagia, kusanya kwa uma. Donge likikataa kushikana ongeza kijiko kimoja cha maji. Mara linaposhikana, acha hapo hapo. Litaonekana bovu, lina mabaka ya mafuta, na roho yako itakutuma ulikande kidogo tu. Usiitii. Lifunge kwa nailoni, liweke friji saa 1.

Kusukuma unakujua, hapo mikono ya chapati inarudi kazini. Sukuma hadi unene wa kama milimita 3. Kata duara kwa kitu chenye upana wa sentimita 10; mimi natumia bakuli dogo la supu. Kila duara liingize kwenye shimo la trei ya kapkeki taratibu, bila kulivuta, maana ukilivuta litarudi kwa kusinyaa. Kagua kama pana tundu, na ukiliona liziba kwa kipande cha unga. Mabaki yapange juu kwa juu, usiyakusanye yakawa donge ukaanza upya. Halafu trei nzima irudi friji nusu saa. Nusu saa hiyo wengi wanairuka, na mimi naona ndiyo inayotofautisha ganda zuri na ganda la kawaida.

Shira ya ndani ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtu wa Pwani anaielewa mapema. Ukipika kaimati, shira unaitia ndimu kidogo ili isirudi kuwa sukari. Ukisahau ndimu, kesho yake kaimati zina changarawe. Shida ni hiyo hiyo kwenye tati, na watu wa huku wameitatua kwa sirapu ya mahindi na matone ya siki. Kuna kitabu cha mapishi cha akina mama wa hospitali ya Royal Victoria hapa Barrie, cha mwaka 1900, ambacho kinatajwa kuwa ndicho cha kwanza kinachojulikana kuchapisha kichocheo cha tati hizi. Aliyekitoa aliitwa Bi. Malcolm MacLeod, na vitu ni vinne tu: sukari kikombe 1, siagi nusu kikombe, mayai 2, na kikombe 1 cha zabibu ndogo nyeusi. Sirapu ya mahindi haimo. Niliwahi kuoka kwa vipimo hivyo. Ladha yake ni nzito, ya siagi kabisa, na ndani inashika zaidi kuliko hizi za siku hizi. Sirapu ilipoingia ndipo shira ikaweza kubaki laini, ya kuteleza, bila chembe.

Mimi natumia sukari ya kahawia nusu kikombe, iliyoshindiliwa. Chukua ile laini yenye unyevu wanayouza huku, kwa maana sukari guru ina ladha yake nyingine. Sirapu ya mahindi nusu kikombe, siagi iliyoyeyushwa gramu 60, yai 1, vanila kijiko 1 cha chai, siki kijiko 1 cha chai, na chumvi. Chumvi usiibanie, weka robo kijiko cha chai, la sivyo utamu utakuwa mmoja tu na mtu atakinai kabla hajamaliza tati ya kwanza. Changanya kwa mwiko au uma, polepole, hadi sukari iyeyuke. Mashine ya kupigia mayai isiguse bakuli hili. Umeandika kwamba uliipiga "ikafanya povu", na povu hilo ndilo lililokumwagikia: hewa uliyoingiza ilitanuka kwenye moto, shira ikapanda juu ya ganda, ikashuka pembeni na kugandisha kila kitu kwenye trei. Sababu nyingine ni kujaza mno. Tia zabibu kwanza chini ya kila ganda, kama kijiko kimoja cha chai, kisha mimina shira hadi theluthi mbili tu. Itaonekana kidogo, lakini itapanda yenyewe.

Oveni iwe na moto wa nyuzi 425 za Farenhaiti, ambazo ni kama 220 za Selsiasi, na iwe imeshapata moto huo sawasawa kabla hujaingiza trei. Weka trei kwenye waya wa chini, ili kitako cha ganda kiive kabla shira haijakauka. Dakika 12 hadi 14. Usiondoke jikoni dakika tatu za mwisho. Shira itakuwa inachemka pembeni, na ganda limepata rangi ya dhahabu iliyokolea. Ukitikisa trei kidogo, katikati bado patacheza. Ukisubiri hadi katikati patulie kabisa, zikipoa zitakuwa ngumu za kutafuna kama kashata. Wapo wanaozipenda hivyo.

Zikitoka, ziache dakika 5, kisha pitisha kisu chembamba kuzunguka kila moja, hasa palipomwagika. Shira ikiwa ya moto inakubali; ikipoa inakuwa gundi. Halafu ziache tena kwenye trei dakika 10 hivi, ganda lipate nguvu, ndipo uzitoe. Dada, tafadhali usimpe mtoto ikiwa ya moto. Shira ya sukari huunguza vibaya kuliko maji yaliyochemka, kwa sababu inang'ang'ania ngozi.

Kuhusu zabibu, jitayarishe kusikia mjadala mezani, maana watu wa Ontario wanalichukulia jambo hili kwa moyo. Wako wanaosema tati bila zabibu haijakamilika, na wako wanaosema zabibu inaharibu. Kuna wa tatu wanaotaka karanga za pekani. Kisha wanagawanyika tena: shira inayotiririka ukiuma, au iliyoshika. Mji wa Midland, kaskazini ya hapa kwenye ghuba ya Georgian, una tamasha la tati hizi kila Juni, na waokaji wanashindana. Posta ya Kanada ilizitia kwenye stempu mwaka 2019, pamoja na vitamu vingine vya majimbo mengine. Kwangu mimi, zabibu ziwemo. Uchachu wake mdogo ndio unaoshindana na sukari, na zinahifadhi unyevu. Shira naitaka katikati: isinichuruzike hadi kwenye kiwiko, lakini nikiiuma iwe inasogea. Kwa mara yako ya kwanza mezani kwa watu, oka sita zenye zabibu na sita tupu, kila mtu achague.

Ukiwa na rafiki kutoka Quebec anaweza kukuambia utumie shira ya mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera. Kwao wana pai kubwa ya sukari, yenye krimu, ni ndugu wa tati hizi. Ukibadilisha nusu ya sirapu ya mahindi kwa mepo, inakubali na harufu yake ni ya ajabu. Ila ni ghali, na bei yake ina haki: inachukua kama lita 40 za utomvu kupata lita 1 ya shira, na utomvu wenyewe unakingwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua tu, usiku kukiwa barafu na mchana kunayeyuka. Mwaka wa kwanza jifunze kwa sirapu ya mahindi.

Usioke siku ile ile ya mwaliko. Disemba huku watu wanaanza kuoka mapema wanaweka friza, na tati hizi zinakaa hadi miezi miwili bila kuharibika ukizipanga kwenye kopo, karatasi ya kuokea kati ya tabaka na tabaka. Zitoe asubuhi, ziyeyuke zenyewe mezani. Ukitaka ganda lirudie ukavu wake, zipitishe kwenye oveni ya nyuzi 300 za Farenhaiti dakika 5. Maikrowevu hapana, italilowesha ganda na kuchemsha shira.

Jirani yangu wa kwanza hapa, bibi wa Kikanada aliyekuwa amepita miaka 80, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anatumia mafuta ya nguruwe maisha yake yote. Nilipomweleza habari yetu, hakuuliza maswali mengi. Alifungua kabati, akatoa siagi, tukajaribu vipimo hadi jioni. Hivi ninavyokuandikia ni vya siku ile, na nimebadilisha chumvi tu. Krismasi ile alileta kopo lake la bati limejaa tati, mimi nikalirudisha na kaimati na visheti, maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Tuliendelea hivyo, Krismasi kwake na Idi kwangu, hadi watoto wake walipomhamishia mji mwingine. Kopo aliniachia. Bado nalitumia.

Kwa hiyo mpelekee jirani yako kwenye kopo, na juu yake bandika kikaratasi: ganda ni la siagi na mafuta ya mimea, zipi zina zabibu, na kama umetia pekani andika kwa herufi kubwa, kwa sababu huku wapo ambao karanga zinawapeleka hospitali. Ukioka jaribio Jumamosi hii, weka picha ya chini ya tati moja iliyokatwa katikati, si ya juu. Kitako kikiwa bado cheupe nitakuambia uongeze nini.