Kukulia kijijini Uingereza: jibu kwa dada muuguzi anayehamia Fens na watoto

Dada yangu, umeeleza kwamba umepata kazi ya uuguzi mashariki ya Uingereza, nyumba iko kijijini kwenye ile nchi tambarare inayoitwa Fens, na unakwenda na watoto wawili wa skuli ya msingi. Unauliza kama mtoto wa kwetu anaweza kukulia mahali kama pale akawa na furaha. Wengi waliotangulia kukujibu wamekwambia ukimbilie London au Leicester, kwa sababu kijijini hakuna weusi, hakuna msikiti, na watoto watashinda ndani wakisononeka. Mmoja akaongeza kwamba mtoto wa Kizungu hajui jembe. Mimi nimekulia huko huko, maili chache kutoka mji wa Wisbech, tangu mwisho wa miaka ya 1960 mpaka nilipomaliza skuli, kwa hiyo acha nikusimulie nilivyopaona.

Baba alikuwa masomoni Uingereza Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea Zanzibar. Hakurudi. Alipata kazi Wisbech kwenye kiwanda cha kutia matunda makoponi, na baadaye mama na mimi tukamfuata. Kijijini tulikuwa sisi tu.

Ardhi ya kule mtoto huijua kwa miguu kabla hajafundishwa darasani. Zamani ilikuwa kinamasi kitupu. Karne ya 17 mhandisi wa Kiholanzi, Cornelius Vermuyden, alisimamia uchimbaji wa mifereji mirefu iliyonyooka ili maji yatoke, na udongo wa mboji ulipokauka ukaanza kushuka. Mwaka 1851, huko Holme, walisimika nguzo ya chuma ikazama mpaka ncha yake ikalingana na ardhi. Skuli ilitupeleka kuiona: imetokeza kama mita 4, na haikupanda yenyewe, ni nchi iliyoshuka. Ndiyo maana barabara za kule zina mawimbi, nyumba nyengine zimeinama upande, na mito inapita juu ya mashamba. Unasimama kwenye mbatata, mbele yako kuna tuta la udongo, na mashua inapita juu ya kichwa chako. Msimu wa kuchipua, kabla mimea haijashika, upepo mkali huurusha ule udongo mweusi angani kutwa nzima, na mama alikuwa akianua nguo chafu kuliko alivyozianika.

Sasa hilo la jembe. Watoto wa Fens walifanya kazi, tena kwa karne nyingi. Karne ya 19 walikuwa wakipelekwa mashambani kwa makundi chini ya msimamizi, mpaka Bunge likatunga sheria mwaka 1867 kukataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 8 katika makundi hayo. Zama zangu mambo yalikuwa mapole zaidi, lakini likizo fupi ya Oktoba kila mtu aliijua kuwa ni ya mbatata. Kinamama walikusanyika alfajiri penye kituo cha basi, lori la mkulima likatuchukua sote, wakubwa kwa wadogo.

Trekta ilipita mbele na mashine ya kuchimbua, mbatata zikarushwa nje. Kila familia ilikuwa na kipande chake, kimewekewa vijiti mwanzo na mwisho, na sharti umalize kuokota kabla trekta haijazunguka kurudi. Ukiinua kichwa tu, imeshafika. Tuliokotea kwenye vikapu vya waya na kumimina kwenye magunia. Udongo ule ni laini, wa baridi, unaingia chini ya kucha na hautoki mpaka Jumapili. Siku ya kwanza mama alikuja na kanga kiunoni juu ya koti. Jirani yetu, mjane aliyekuwa na sauti nzito, alimtazama, akatoa mfukoni kipande cha kamba ya kufungia majani, akamfunga koti lile kiunoni kwa kuikaza vizuri kama vile anamfunga mwanawe. Hakusema kitu. Saa nne tulikaa juu ya vikapu vilivyogeuzwa tukanywa chai ya chupa, na yule mama akampa mama yangu nusu ya mkate wake na jibini. Kuanzia siku hiyo tulikuwa na mtu. Mimi naamini, na ninalisema baada ya kulifikiri sana, kwamba kijiji kilitupokea shambani kabla ya mahali pengine popote. Waingereza wa mashamba si wepesi wa maneno, lakini wakikuona umeinama nao kwenye baridi wanakuhesabu.

Juni na Julai ilikuwa stroberi, na hapo watu wa mashariki ya London walikuja na watoto wao kuchuma. Tulilipwa kwa kikapu. Malipo ya awali ninayoyakumbuka yalikuwa ya pesa za zamani, senti 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni. Tarehe 15 Februari 1971 wakabadilisha, pauni ikawa senti 100, na wazee dukani wakabaki wakihesabu kwa vidole mwaka mzima.

Kucheza kulikuwa nje, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Baiskeli, samaki wadogo wa mferejini ndani ya chupa ya jemu, vita vya mbegu za mchestinati zilizotungwa kwenye uzi, na Novemba 5 moto mkubwa wa kuchoma sanamu ya Guy Fawkes kwa njama yake ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge. Lakini raha kuu ilikuwa barafu. Karibu na Welney, baina ya mito miwili iliyochimbwa, kuna malisho yanayoachwa yafurike kila baridi. Maji yale ni ya kina kifupi, yanaganda haraka. Wazee walitoa darini vibao vyao vya kuteleza, mti juu na chuma chini, wakavifunga kwenye buti, na watu wenye miaka 70 waliotembea kwa fimbo barabarani wakawa wanapita mbele yetu kwa kasi isiyoaminika, mikono nyuma. Sijaona wazee wa aina ile tena.

Skuli yetu ilikuwa na walimu wawili. Asubuhi za baridi vichupa vya maziwa ya bure viliganda, kofia zake za bati zikainuka juu, tukavipanga karibu na jiko viyeyuke. Mwaka 1971 serikali ikayafuta maziwa hayo kwa waliopita miaka 7, na mimi nilikuwa nimeshapita.

Kuhusu dini, usihofu kupita kiasi. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilitaka skuli ziwe na ibada kila siku, lakini mzazi alikuwa na haki ya kumtoa mwanawe, na haki hiyo ipo mpaka leo. Baba alizungumza na mwalimu mkuu kwa adabu na mambo yakaisha. Kigumu ni saa. Ramadhani ya mwaka 1970 iliangukia Novemba, jua linazama saa kumi jioni, mtoto anafuturu akitoka skuli. Miaka kumi baadaye ikawa Julai, na magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku. Sikukuu tulikwenda Peterborough kwa Wapakistani. Siku hizi mji ule una misikiti mikubwa, na kutoka Wisbech kwa gari haufiki mwendo wa saa nzima.

Na rangi? Nitakueleza bila kuficha. Aprili 1968 mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji, na hata kijijini kwetu, ambako wahamiaji tulikuwa sisi tu, watoto walianza kuniuliza lini tunaondoka. Yaliniuma. Nywele zangu zilishikwa bila ruhusa miaka mingi. Lakini kuna jambo moja la Wisbech ambalo London isingenipa.

Karibu na daraja la mto Nene kuna mnara mrefu wa mawe wa Thomas Clarkson, aliyezaliwa mji huo mwaka 1760. Huyu ndiye aliyezunguka bandari za Bristol na Liverpool kuwahoji mabaharia na kukusanya ushahidi dhidi ya biashara ya watumwa, mpaka Bunge likaipiga marufuku mwaka 1807. Chini ya mnara, kwenye jiwe, amechongwa mtu mweusi amepiga goti, mikono imefungwa minyororo. Darasa letu lilipopelekwa, mtoto mmoja aliniuliza, tena kwa sauti ya kutaka kujua kweli, kama yule ni babu yangu. Sikuwa na jibu. Jioni nikamwambia baba. Hakukasirika. Jumamosi alinichukua, tukasimama mbele ya lile jiwe kwenye mvua, akanieleza soko la watumwa la Mkunazini, kule Zanzibar, lilivyokuwa, kwamba lilifungwa mwaka 1873, miaka mingi baada ya Clarkson kufariki, na kwamba waliouzwa na waliouza wote wamo katika historia yetu na lazima nizijue pande zote mbili. Kisha akanipeleka makumbusho ya mji, ambako sanduku la Clarkson limehifadhiwa. Lina vitambaa, mbegu, ngozi na vipande vya mbao kutoka Afrika. Alikuwa akiwaonyesha watu kwamba bara lile lina bidhaa za kuuza, hakuna haja ya kuuza binadamu.

Baba akamwomba mwalimu nafasi, akaja darasani na kifurushi cha karafuu. Akazipitisha mikononi. Watoto wote waliijua harufu ile, kwa sababu bibi zao walizitia kwenye pai za matufaha ya Wisbech. Hawakujua tu kwamba zilitoka kisiwani kwetu. Baada ya hapo niliulizwa kuhusu minazi na bahari, na swali la lini tunaondoka likafifia.

Mengi niliyoyataja yamekwisha. Reli ya abiria ya Wisbech ilifungwa mwaka 1968, katika wimbi la kufunga stesheni lililotokana na ripoti ya mwaka 1963 ya Beeching, mkuu wa shirika la reli. Mashine za kuvuna zilifuta wiki ya mbatata, na vijiji vingi vimepoteza duka na posta. Kazi za mashamba na viwanda tangu mwaka 2004 zimefanywa sana na watu wa Lithuania, Poland na Latvia, kwa hiyo watoto wako hawatakuwa wageni peke yao darasani kama nilivyokuwa mimi. Upweke wa sasa, dada, hautoki kwa rangi. Unatokana na kila familia kuwa na gari lake na mlango wake.

Kwa hiyo usiikatae kazi, ila kabla hujasaini nyumba angalia haya. Kijiji kiwe na skuli yake ndani, watoto waende kwa miguu na wenzao. Skuli ya mbali inaua urafiki wa jioni. Ikiwa hapana, na skuli ya karibu inayowafaa iko zaidi ya maili 3, halmashauri inatakiwa iwasafirishe bure, na kwa mtoto chini ya miaka 8 ni maili 2 tu. Tazama ratiba ya basi la Jumamosi, si la Jumatatu, maana hilo la Jumamosi ndilo litakaloamua kama watoto wana maisha. Waandikishe skauti au mpira wiki ya kwanza, usingoje wazoee. Wewe mwenyewe nenda kwenye maonyesho ya mboga na keki za kijiji, na upeleke kitu ulichopika. Na kabla ya yote hayo watafutie mafunzo ya kuogelea, kwani mifereji iko kando ya karibu kila barabara, kingo zake ni mteremko mkali wenye utelezi, na watoto wa kule hucheza hapo.