Maswali ya Wasomaji: Uhasama Ule Ule, Uchungu Tofauti

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani. Chuo chake kinapokaribia kucheza na Ohio State katika futiboli ya Kimarekani, juma zima hapokei simu zetu. Vyuo hivyo hivyo vikikutana katika mpira wa kikapu, anaongea nasi kama kawaida, hata timu yake ikiwa imeshindwa. Kwa nini? *Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi*

JIBU: Ndugu msomaji, wapinzani ni wale wale, ila kalenda ndiyo inayoutia uhasama wao uzito. Timu ya futiboli ya chuo hucheza mechi 12 tu katika msimu wa kawaida, kwa kuwa mchezo huo wa kugongana huwaumiza wachezaji kiasi kwamba kwa kawaida huingia uwanjani mara moja tu kwa juma, ilhali timu ya kikapu hucheza mechi zipatazo 30. Michigan na Ohio State, zilizokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1897, kwa desturi hufunga msimu wa kawaida kwa kupambana mwishoni mwa Novemba, mbele ya watazamaji zaidi ya laki moja. Anayeshindwa siku hiyo atakaa na kidonda chake mwaka mzima. Hapa kwetu shabiki wa Lupopo aliyefungwa na Mazembe hujipoza kwa kungoja marudiano. Mwondolee faraja hiyo, nawe utamwelewa mdogo wako.

Tazama futiboli ya vyuo ya mwaka 2013: Alabama, bingwa mtetezi aliyeongoza orodha ya ubora ya nchi nzima, alikuwa sare ya 28–28 na jirani yake Auburn, ikiwa imebaki sekunde moja. Alabama ikapiga mkwaju wa mbali, mpira ukapungua nguvu, na Chris Davis wa Auburn akaudaka nyuma kabisa ya uwanja wake, akakimbia nao hadi mwisho wa upande wa pili, jambo linaloipa timu pointi sita. Matokeo yakawa 34–28, na ndoto ya Alabama ya kutetea taji ikazimika.

Katika kikapu, Duke na North Carolina, vyuo vilivyotengana kwa kilomita 16 hivi, vinachukiana kwa dhati, wala nisingependa kuwaudhi mashabiki wao. Hata hivyo hukutana walau mara mbili kila msimu, na mashindano ya Machi ya kuwania ubingwa wa nchi, yenye timu 68, huwapa nafasi nyingine hata waliopoteza mechi zote mbili. Ni mwaka 2022 tu walipokutana kwa mara ya kwanza katika mashindano hayo, kwenye nusu fainali; North Carolina ilishinda 81–77, na kazi ndefu ya kocha Mike Krzyzewski wa Duke ikaishia hapo. Usiku huo kikapu kiliuma kama futiboli, kwa sababu hapakuwa na marudiano.

Naona futiboli nayo inaanza kulegea. Tangu msimu wa 2024, mtoano wa ubingwa una timu 12 badala ya 4. Msimu huo Ohio State ilishindwa na Michigan 13–10 nyumbani kwake, lakini Januari 2025 ikatwaa ubingwa wa nchi. Kwa hesabu, kipigo kile hakikuigharimu taji. Lakini mpigie mdogo wako simu leo, umtajie 13–10 bila maelezo yoyote, usikie atakavyocheka.