Rali ya Hazina kwa Gari la Kale: Rali Hushindwa na Aliyeshika Karatasi

Karibu kila anayejiandikisha kwa mara ya kwanza huanza kuuliza kuhusu gari. Litapanda milima? Litachemsha? Matairi haya yanatosha? Ni maswali ya maana na nitayafikia. Lakini nimekaa viti vyote viwili kwenye rali hizi, nimekaa pia upande wa wanaotunga mafumbo, na ninachoamini ni hiki: mshindi huamuliwa na aliyeshika karatasi, yaani msoma ramani, wala si aliyeshika usukani. Ukilikubali hilo mapema, maandalizi yako yote yatabadilika.

Mchezo wenyewe uko hivi. Asubuhi mnapewa kitabu cha njia na karatasi ya majibu, magari yanaondoka moja moja kwa kupishana dakika chache, na kuanzia hapo mko kwenye barabara za kawaida pamoja na watu wengine wenye shughuli zao. Sheria za barabarani zipo kama siku zote. Kasi haina pointi. Pointi zinatokana na majibu: mwaka uliochongwa kwenye jiwe, mnyama aliye juu ya lango, idadi ya madirisha ya kinu cha zamani. Mara nyingi kuna saa ya mwisho ya kufika, na timu zikifungana huangaliwa nani ametembea kilomita chache. Ndiyo maana anayekimbia anaumia mara mbili. Anayapita majibu, kisha akirudi kuyatafuta anazidisha kilomita.

Dakika kumi za kwanza msiwashe gari. Someni kanuni za siku hiyo mpaka mwisho, wote wawili, kwa sauti. Mafumbo yamepangwa kwa mfuatano wa njia au yamechanganywa? Majibu yote yanaonekana ukiwa barabarani, au mengine yanataka mshuke? Picha mlizopewa zote zimepigwa kwa kutazama mnakokwenda, au nyingine zimepigwa kwa kutazama nyuma? Swali hili la picha huwapotezea wageni muda mwingi kuliko lolote, kwa sababu mtu anatafuta ukuta ambao kwa upande anaotokea hauonekani kabisa.

Sasa fumbo lenyewe. Chukua mfano wa aina ninayoipenda: "Simama kabla hujavuka. Aliyetuzaa alituachia tarehe yake kifuani." Mgeni anasoma "kuvuka", anaona daraja, anaendesha hadi katikati, anakuta kibao kwenye ukingo kimeandikwa 1962, anaandika 1962 na kuondoka amefurahi. Amekosa. Kila neno la fumbo hilo lina kazi. "Simama" linakuambia kuna mahali pa kuegesha. "Kabla hujavuka" linakupa upande wa mto: kitu hicho kinaonekana kutoka ng'ambo hii, ukishuka hatua chache kuelekea majini. "Aliyetuzaa" ni mjenzi, na kibao cha 1962 ni cha aliyekarabati. "Kifuani" ni jiwe la katikati ya tao. Unashuka, unainua macho, na pale juu kuna herufi zilizoliwa na ukungu: MDCCCXLVII. Hapo inabidi ujue namba za Kirumi bila kubahatisha. M ni 1000, D ni 500, C tatu ni 300, XL ni 40, VII ni 7. Jibu ni 1847. Anayesoma XL kama 60 anaandika 1867, na pointi imekwenda.

Mtunzi mzuri hapotezi neno. Kama neno moja kwenye fumbo halijapata kazi katika jibu lako, jibu lako lina kasoro. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wote ninaowafundisha, na kwa maoni yangu kinazidi kipaji chochote cha kutegua vitendawili.

Tuje kwenye mazungumzo ndani ya gari, maana hapa ndipo timu nyingi hubomoka. Gari la kale lina kelele, upepo unaingia kila upande, na anayesoma ameinamia karatasi. Akisema "pale, ingia pale", dereva hajui pale ni wapi. Zoeeni mpangilio mmoja usiobadilika: umbali kwanza, alama ya pili, upande mwisho. "Mita mia tatu, baada ya ghala, kulia." Kama kona ya pili iko karibu, itajwe kabla ya kuingia ya kwanza. Na dereva arudie alichosikia. Kujibu "ehe" hakutoshi, kwa kuwa "ehe" inaweza kuwa nimesikia, nimeelewa, au endelea tu kusema.

Ukitaka kuona kazi ya msoma ramani ilivyo nzito, tazama Mille Miglia ya 1955 huko Italia. Yale yalikuwa mashindano ya kasi, kitu tofauti kabisa na chetu, lakini somo ni letu. Dereva Mwingereza Stirling Moss aliendesha Mercedes-Benz 300 SLR, na pembeni yake alikaa mwandishi wa habari Denis Jenkinson. Walikuwa wameipita njia mapema na kuandika hatari zake kwenye ukanda wa karatasi wa zaidi ya mita 5, ukazungushwa ndani ya kisanduku kidogo. Kwa kuwa injini ilizima kila sauti, Jenkinson alimwelekeza kwa ishara za mkono walizokubaliana kabla. Walimaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Nyinyi hamtakimbia hivyo na hampaswi, ila ishara za mkono mnaweza kuzipanga jioni moja mezani. Ishara ya "simama" iwepo, na iwe haifanani na nyingine yoyote.

Kwenye vitabu vingi vya njia mtakuta vichoro vya makutano vyenye kitone na mshale, mtindo uliotokana na rali ya Tulip ya Uholanzi iliyoanza 1949. Kitone ni mlipotokea, mshale ni mnakokwenda. Kichoro hakina kaskazini wala kusini. Daima mnaingia kwa chini. Usikigeuze kifanane na ramani. Jizoeze hata kwa makutano unayopita kila siku, uyachore kichwani.

Umbali unaoandikwa kando ya vichoro hivyo una mtego wake. Kipima umbali cha gari la zamani ni nadra kukubaliana na cha mwandaaji, hasa matairi yakiwa si ya kipimo cha awali. Tafuta kipande cha barabara kilichopimwa. Kama kilomita 10 za kweli kwako zinasomeka 10.4, basi kila umbali wa kitabu uzidishe kwa 1.04: kona ya kilomita 3.5 utaikuta ikisoma kama 3.64. Tofauti hiyo ya mita 140 inatosha kukuingiza njia ya shamba la mtu. Gari linalohesabu kwa maili linataka hesabu ya ziada, maili 1 ni kilomita 1.609, tengeneza jedwali nyumbani, usilifanye barabarani.

Na ramani ya karatasi bado ina kazi. Kwenye kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Mistari ya mwinuko, ile inayounganisha sehemu za kimo kimoja, ikiwa imetenganishwa kwa mita 20 za kimo, na barabara ikakata nafasi tano ndani ya sentimita 1, ujue mbele yenu kuna kupanda mita 100 ndani ya nusu kilomita. Msoma ramani akimwambia dereva hilo mapema, dereva anashuka gia akiwa bado ana mwendo. Asipoambiwa, anajikuta katikati ya kilima akitafuta gia ya kwanza ambayo, kwenye magari mengi ya zamani, haiingii vizuri mpaka gari lisimame kabisa.

Hapo ndipo gari linaingia kwenye hesabu. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda: breki za ngoma zikishapata joto hufifia, pedali ipo lakini gari halishikiki. Shuka na gia uliyopandia, na uipumzishe breki. Mkivuka kijito na maji yakaingia kwenye ngoma, bonyeza breki kidogo kidogo huku mkienda taratibu hadi zikauke. Kuchemsha nako hakuji tu mlimani, huja pia mkiwa mmesimama mnabishana juu ya fumbo huku injini ikinguruma: feni inazungushwa na injini, na injini ikienda taratibu feni nayo inazunguka polepole, hewa haipiti kwenye rejeta. Ubishi ukirefuka, zima. Lakini jueni kwamba ukizima, maji yanaacha kuzunguka, joto linapanda kwa muda, na petroli iliyo kwenye kabureta inaweza kuchemka. Fungua boneti, ipe dakika kadhaa. Ikigoma kuwaka, kanyaga mafuta hadi chini na ushikilie hapo wakati wa kupiga stata, usipampu. Na mfuniko wa rejeta usiuguse ukiwa wa moto, hata mkiwa mmechelewa kiasi gani.

Mipira ya kupitishia petroli ikaguliwe kabla ya safari, kwa kuwa ethanoli iliyomo kwenye petroli nyingi za sasa hula mipira ya zamani. Beba mkanda wa feni, pointi na kondensa za mfumo wa kuwashia injini, plagi moja, fyuzi, maji, kizima moto. Mengine fundi wako atakuambia.

Kwa msoma ramani: kichefuchefu kipo na hakina uhusiano na ujasiri. Soma mafumbo matano mkiwa mmesimama, yaweke kichwani, kisha safiri ukiwa umeinua kichwa. Shika ubao wa karatasi juu, usiinamie mapajani. Tumia penseli, kwa sababu kalamu inakwaruza bure gari likitikisika, na majibu hubadilika. Mkipotea, rudini mahali pa mwisho mlipokuwa na uhakika, hata kama inauma kurudi. Kusonga mbele kwa matumaini kunageuza kosa la dakika tano kuwa la nusu saa.

Kuhusu wenyeji wa njia, ninaomba kwa moyo wote: geti mkilikuta limefungwa liacheni limefungwa, msiegeshe mbele ya njia ya trekta, mkiona wanyama zimeni injini, na foleni ikijikusanya nyuma yenu jisogezeni pembeni ipite. Rali nzuri hupewa barabara zile zile tena kwa sababu ya washiriki wa namna hii.

Mkifika, msikimbilie kukabidhi. Kaeni na karatasi ya majibu kwa muda uliobaki, jazeni kila nafasi, hata kwa kukisia, ikiwa kanuni haziadhibu jibu baya. Kisha ombeni nakala ya majibu sahihi, na wiki inayofuata, mkipata nafasi, ipiteni njia ile tena mkiwa nayo. Simameni kwenye kila fumbo lililowashinda, mtazame kitu kilikuwa wapi na neno gani lilikuwa linawaelekeza huko. Mazoezi hayo ndiyo yaliyowainua wasoma ramani wengi ninaowaheshimu.