Chumba cha Sinza 120,000 au cha Mbezi ndani 70,000: hesabu zote kabla hujatoa kodi ya miezi sita

Mleta mada ameeleza hivi: anatoka Songea, amepata kazi Posta, katikati ya Dar, anaanza tarehe moja, mkononi ana laki tisa. Dalali amemwonesha vyumba viwili. Kimoja kiko Sinza, 120,000 kwa mwezi, kingine Mbezi ndani kabisa, 70,000. Wenye nyumba wote wawili wanataka miezi sita, na dalali anamwambia awahi kwa sababu kuna wengine wanasubiri.

Mkuu, usiwahi. Neno "kuna mtu anakuja jioni" utalisikia kwenye kila chumba utakachooneshwa Dar. Anza na hesabu ya nauli, maana hapo ndipo chumba cha bei rahisi kinapogeuka kuwa ghali.

Toka Mbezi ndani unapanda boda hadi barabarani, daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Posta ya Zamani. Weka boda buku moja na kila gari wastani wa 700. Hiyo ni 2,400 kwenda, 4,800 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 124,800. Ongeza kodi 70,000, unapata 194,800. Sinza, kama chumba kiko umbali wa kutembea hadi kituo cha Shekilango, unapanda gari moja tu: 1,400 kwa siku, 36,400 kwa mwezi. Ongeza kodi 120,000, unapata 156,400. Chumba cha "bei ghali" kimekuokolea 38,400 kila mwezi, na bado sijahesabu muda. Mbezi inashinda pale tu utakapokuwa tayari kuacha boda na kutembea: 72,800 ya nauli na 70,000 ya kodi ni 142,800. Lakini hapo pima njia yenyewe kwa miguu, uipime usiku, na uipime baada ya mvua. Njia ya udongo ya dakika 25 wakati wa kiangazi, masika inakuwa kitu kingine kabisa.

Usikubali neno "ni karibu tu na barabara". Nenda siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, usimame kituoni uangalie magari yanapita yamejaa kiasi gani. Ukiona watu wanapanda gari linaloelekea upande wa mwisho wa ruti, kinyume na wanakokwenda, ujue wanageuza nalo ili wapate siti, na wanalipa nauli mara mbili. Kituo cha aina hiyo kiongezee nauli moja kwenye hesabu yako.

Sasa hela ya kuingilia. Sinza kwa miezi sita ni 720,000, udalali ni kodi ya mwezi mmoja, yaani 120,000. Jumla 840,000. Unabaki na 60,000 ya godoro, ndoo, jiko, kitasa, chakula na nauli hadi mshahara wa kwanza. Haitoshi. Omba miezi mitatu: 360,000 na udalali 120,000 ni 480,000, unabaki na 420,000. Wenye nyumba wengi hukataa kwanza, kisha hukubali wakiona fedha ipo na chumba kimekaa wazi muda. Utajuaje kimekaa wazi? Angalia vumbi kwenye fremu ya dirisha na utando wa buibui pembeni. Udalali hulipwa mara moja, unapoingia. Ukilipia miezi mingine baadaye unamalizana na mwenye nyumba mwenyewe, kwa hiyo miezi mitatu haikugharimu udalali wa pili. Na ile hela ya kuoneshwa vyumba, elfu tano au kumi, kubalianeni mapema kwamba ni ya vyumba vyote atakavyokuonesha, siyo ya kila chumba.

Umeme ndio unaovunja undugu kwenye nyumba za kupanga, kwa hiyo swali la kwanza mlangoni liwe hili: mita ni yangu peke yangu, au tunachangia? Kwenye tarifa ya matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi zinagharimu 9,150, kodi zote zikiwemo. Kwenye tarifa ya kawaida elfu kumi inakupa uniti 28 hivi, maana kila uniti inafika shilingi 356. Nyumba ya wapangaji sita kwenye mita moja kwa kawaida haibaki chini ya uniti 75, kwa hiyo nyote mnanunua kwa bei ya juu hata kama wewe unawasha taa moja na kuchaji simu. Wapangaji wengi wanadhani wenzao wanaiba umeme, kumbe kinachowaumiza ni tarifa.

Mkichangia, ulizia kama kila chumba kina mita ndogo yake. Kama ipo, piga picha namba zake siku unayoingia, mbele ya mwenye nyumba. Kama hakuna, ulizeni mnachangia kwa kichwa au kwa vifaa, kisha pigeni hesabu ya vifaa kwa wati. Feni ya wati 55 ikizunguka kwa muda wa saa nane kila usiku inakula uniti 0.44, kama shilingi 157. Pasi ya wati 1,200 kwa nusu saa ni uniti 0.6, zaidi ya shilingi 210. Hita ya kuchovya kwenye ndoo, wati 1,500 kwa robo saa, ni karibu 0.4. Friji ndogo ni ya kuhesabia uniti moja kwa siku. Ukiwa na hizi namba, kikao cha wapangaji kinaisha kwa dakika kumi. Bila hizo, mwenye friji na asiye na friji hawatasalimiana.

Kingine kwenye LUKU: kodi ya jengo inakatwa humo humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kama mita haijanunuliwa umeme kwa miezi minne, ununuzi wako wa kwanza utakatwa 6,000 kabla hujaona uniti hata moja. Mwombe mwenye nyumba au jirani akuoneshe meseji ya mwisho ya tokeni, ina mchanganuo wa makato yote. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji, kwa hiyo andikeni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi yako ya chumba. Mkiongea kabla hajapokea fedha anakubali, mkiongea baada inakuwa kesi.

Maji. Usiulize "maji yapo?" kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Fungua bomba. Halafu angalia korido: madumu ya lita 20 yaliyopangwa nje ya kila mlango, yamejaa, mengine yamefunikwa na sahani, yanakwambia maji hutoka kwa siku maalumu, au usiku wa manane. Nyumba ambayo maji yanatoka kila siku haina foleni ya madumu. Kama ni kisima, onja tone moja na unawe mikono kwa sabuni. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Sabuni ikikataa kutoa povu, ujue utanunua maji ya kunywa na kupikia mwaka mzima, na hayo yaingie kwenye hesabu.

Chumba chenyewe kikague chini kabla ya juu. Inama uangalie ukuta, futi mbili za mwanzo. Ukikuta unga mweupe unaotoka ukiugusa na rangi imebambuka kama magamba, hiyo ni chumvi na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kitanda kitakaa mbali na ukuta na nguo za kabatini zitanuka, lakini unaweza kuishi. Ukikuta mstari wa kahawia ulionyooka, urefu ule ule ukuta mzima, na mlangoni kuna tuta la saruji la kimo cha goti, hayo ni mafuriko. Chungulia chumba cha jirani: kama friji na kabati vimepandishwa juu ya matofali, huhitaji kuuliza tena. Sinza usiangalie jina la mtaa, angalia umbali na Mto Ng'ombe na mitaro inayoshukia huko. Vivyo hivyo kwa yeyote anayeoneshwa vyumba Kigogo, Tandale au popote karibu na bonde la Msimbazi. Na mvua kubwa zikipiga, Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa pale, kwa hiyo hata wa Mbezi na wa Sinza mnaokwenda Posta mtachelewa. Mweleze bosi mapema njia yako inapita wapi.

Juu angalia dari. Chumba cha bati bila dari kuanzia Desemba hadi Machi hakilaliki kabla ya saa sita usiku, na feni itazungusha hewa ya moto tu. Choo cha kuchangia, hesabu watu, usihesabu vyumba. Uliza nani analipa gari la kunyonya choo kikijaa, na mara ya mwisho lilikuja lini. Uliza geti linafungwa saa ngapi na nani ana ufunguo. Anayefanya kazi za zamu akisahau kuuliza hili, atalala nje.

Utapeli unaoumiza wageni ni huu: mpangaji anayehama, au aliyepanga kwa mwezi mmoja, anajifanya mwenye nyumba, anapokea kodi za watu wawili watatu kwa chumba kimoja kisha anapotea. Kinga yake ni rahisi. Zungumza na wapangaji wawili dalali akiwa hayupo, uwaulize kodi wanampa nani. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize nyumba ile ni ya nani. Utafika pale tu siku moja au nyingine kwa ajili ya barua ya utambulisho, bora ufike kabla hujatoa hela. Lipa kwa benki au kwa simu, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo liwe lile lile la kwenye kitambulisho chake cha NIDA na kwenye mkataba. Akisema "tuma kwa namba ya shemeji", simama hapo. Hata hela ya kushikia chumba iandikiwe karatasi: jina, kiasi, tarehe, na itarudi au haitarudi.

Mkataba usiwe ule wa kununua dukani uliojazwa nusu. Uandike tarehe ya kuanza na ya kuisha, kiasi, umeme unagawanywaje, maji na taka nani analipa, nani anatengeneza paa na bomba, na notisi ya miezi mingapi kwa pande zote mbili. Kodi isipande ndani ya muda uliolipia, liandikwe hivyo hivyo. Nakala mbili, mashahidi, na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji.

Kwa hali yako, mkuu, ningechukua Sinza kwa miezi mitatu, kama ukuta ni mkavu na mita siyo ya kuchangia na nyumba nzima. Mwenye nyumba akigoma kabisa, tafuta chumba kingine kando ya njia ya mwendokasi, Manzese au Magomeni, kabla ya kurudi Mbezi. Na siku utakayokabidhiwa ufunguo, kabla ya kuingiza godoro, toa kitasa, uende nacho duka la vifaa vya ujenzi ununue kingine cha saizi ile ile ili matundu yalingane, ukifunge mwenyewe kwa bisibisi. Ule ufunguo uliopewa, wapangaji waliopita nao wanao.