Maswali ya wasomaji: Kinu kimelipuka, msemaji anasema tulieni. Nimwamini?

Toka tuweke ile makala ya miaka ya mwanzo ya Fukushima, kile kinu cha nyuklia cha Japani kilichopata ajali 2011, barua hazijapoa. Nyingi zinauliza kitu kile kile kwa njia tofauti, kwamba ikitokea ajali ya kinu cha nyuklia, mtu wa kawaida amsikilize nani. Nimechagua chache, zile za matusi nimeziacha.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni fundi umeme. Nauliza, kwanini serikali zikipata ajali ya nyuklia lazima zifiche? Ni uongo wa makusudi au na wao wanakuwa hawajui? Maana mimi naona ni uongo tu, mwanzo mwisho.

JIBU: Salama kabisa fundi. Ni vyote viwili, na tatizo ni kwamba ukiwa nje huwezi kujua sasa hivi unasikia kipi.

Nianze na kutojua, hii wewe utaielewa haraka. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la 9.0 lilipiga Japani, umeme wa gridi ukakatika pale Fukushima Daiichi, jenereta za dizeli zikawaka kama zilivyopangwa. Kama dakika 50 baadae tsunami ikafika, maji yakapanda karibu mita 15 wakati makadirio ya kinu yalikuwa mita 5.7, jenereta zikazama, chumba cha kuongozea mitambo kikawa giza na geji zote zimekufa. Jamaa walikuwa wanaenda kung'oa betri za magari yaliyopaki nje, wanaziunga kwenye paneli ili wapate kusoma kiwango cha maji ndani ya kinu, wakiwa na tochi mkononi. Na hata walipopata namba, geji ya kinu namba 1 ilikuwa inadanganya, inaonyesha maji yapo juu ya fueli wakati fueli ilishabaki wazi zamani. Sasa msemaji aliyeko Tokyo anaongea kwa kutegemea hiyo geji.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa tume ya usalama wa nyuklia, Haruki Madarame, akamhakikishia Waziri Mkuu Naoto Kan kwamba mlipuko wa haidrojeni hauwezi kutokea. Saa tisa na nusu alasiri hiyo hiyo jengo la kinu namba 1 likapasuka, na Waziri Mkuu aliuona kwenye tivii kama mtu mwingine yeyote. Hapo bado sijaona uongo fundi, hapo naona watu hawajui halafu wanaongea kwa sauti ya wanaojua, ambayo kwangu mimi ni kosa kubwa vilevile.

Uongo unaanza pembeni kidogo. Siku hiyo hiyo afisa mmoja wa mamlaka ya usalama, Koichiro Nakamura, aliwaambia waandishi wazi kwamba inawezekana fueli imeanza kuyeyuka, na alikuwa na sababu, siziamu, kitu cha mionzi kinachotoka kwenye fueli, ilishaonekana nje. Akaondolewa kwenye kazi ya kuongea na waandishi. TEPCO, kampuni yenye kinu, ikaja kukiri kuyeyuka kwa fueli mwezi Mei, miezi miwili baadae, na mwaka 2016 ndo ikajulikana kwamba rais wa kampuni wakati ule aliagiza hilo neno lisitumike mbele ya waandishi, na kwamba mwongozo wao wenyewe ulikuwa unasema kiini cha kinu, yani pale penye fueli, kikiharibika zaidi ya asilimia 5 tayari ni kuyeyuka. Yani kipimo walikuwa nacho kabatini.

Ila kilichoua imani kabisa ni ramani, sio hilo neno. Japani ilikuwa na mfumo wa kompyuta unaitwa SPEEDI, kazi yake ni kukadiria upepo utapeleka mionzi wapi. Ulifanya kazi toka mwanzo. Watu wa Namie, mji ulio karibu na kinu, walikimbilia kitongoji chao cha Tsushima huko milimani, kaskazini magharibi ya kinu, maelfu ya watu, wamelala mashuleni na kwenye kumbi, watoto wanacheza nje, akina mama wanapika wali kwa maji ya kijito. Na upepo ulikuwa unapeleka mionzi huko huko. Hawakuambiwa. Tarehe 14 jeshi la Marekani lilipewa hayo makadirio, wananchi wakaona ramani ya kwanza tarehe 23. Maafisa walijitetea kwamba mfumo haukuwa na takwimu za kiasi gani cha mionzi kimetoka, kwahiyo hesabu haziaminiki. Sawa, kiasi hukijui, lakini mtu anayekimbia na watoto anataka kujua aelekee wapi, na uelekeo ulikuwepo kwenye skrini! Meya wa Namie, Tamotsu Baba, alikuja kusema kuzuia hizo taarifa ni sawa na kuua. Watu walimwona kama amekasirika sana. Mimi namwelewa.

SWALI: Mhariri, mimi na kaka yangu hatuelewani. Yeye anasema serikali ina haki ya kuficha kidogo kwasababu hofu inaua watu wengi kuliko mionzi yenyewe, na eti Fukushima imethibitisha hilo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada, kaka yako hajakosea namba, amekosea sababu. Ni kweli kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza madhara ya mionzi, UNSCEAR, haijaona madhara ya kiafya kwa wakazi ambayo unaweza kusema moja kwa moja yametokana na mionzi ya ajali ile, na ni kweli pia kwamba mkoa wa Fukushima umeandikisha vifo zaidi ya 2,300 vinavyotokana na kuhamishwa, kukatishwa matibabu, uchovu na maisha ya kambini. Hapo anashinda.

Lakini hebu mwambie aangalie hao watu walikufaje. Hospitali ya Futaba, kama kilomita 4.5 toka kwenye kinu, ilikuwa na wagonjwa wa kulala kitandani, wazee wengi. Walipakiwa kwenye mabasi kwa amri ya kuhama, wakazungushwa masaa na masaa kutafuta pa kuwapokea, bila dripu, bila madaktari wa kutosha, na zaidi ya 40 wakafa njiani na baadae. Hao hawakuuawa na hofu ya umma iliyochochewa na taarifa nyingi kupita kiasi, waliuawa na amri isiyokuwa na mpango, upande mmoja haujui upande mwingine unafanya nini. Taarifa zingekuwa nyingi zaidi kati ya hospitali, jeshi na mkoa, huenda wengi wangefika salama.

Na hofu yenyewe huwa inalishwa na nini? Mwaka 1979 kwenye ajali ya kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, kampuni ya kinu ilimwambia naibu gavana William Scranton mambo yametulia, akaenda mbele ya waandishi akasema hakuna hatari, masaa machache baadae ikabidi arudi kusema kampuni imetoa taarifa zinazopingana. Siku ya tatu wakatangaza wajawazito na watoto wadogo walioko ndani ya maili 5 waondoke. Waliolengwa walikuwa elfu kadhaa tu, waliofungasha wakaondoka ni kama 140,000. Ukiangalia huwezi kuwalaumu, mtu ameshabadilishiwa maneno juzi na jana, leo akisikia "maili 5 tu" anaongeza mwenyewe ishirini za kwake. Kilichokuja kutuliza pale ni injinia mmoja wa serikali, Harold Denton, aliyetumwa na Rais Carter kukaa pale pale kinuni, akawa anajibu maswali kwa lugha ya kawaida na kusema hajui pale ambapo hajui. Watu walimpenda yule mzee.

Japani pia haikuanza na chuki, hili huwa linasahaulika. Msemaji wa serikali Yukio Edano alikuwa anatokea kwenye tivii mchana na usiku na ovaroli lake la buluu mpaka watu mtandaoni wakaanzisha kampeni ya kumwambia jamani nenda kalale. Huyo ndiye aliyekuwa anarudia kwamba hakuna madhara ya haraka kwa afya. Ni kweli kabisa, ila mzazi wa mtoto wa miaka miwili swali lake ni la miaka ishirini ijayo, kwahiyo kila ilivyorudiwa ndo alivyozidi kuona kuna kitu hakisemwi.

SWALI: Kuna voisi noti inazunguka inasema ikitokea ajali ya nyuklia ule chumvi yenye madini joto kwa wingi. Ni kweli?

JIBU: Hapana. China walimaliza chumvi madukani Machi 2011 kwa stori hiyo hiyo. Kinachotumika kweli ni kidonge cha madini joto, na cha mtu mzima kina miligramu 130 za potasiamu aidaidi, chumvi kilo nzima haikupi madini joto ya kidonge kimoja, ungekufa na chumvi kwanza. Na kidonge chenyewe kinakinga tezi ya shingo tu dhidi ya aina moja ya mionzi, aidini 131 (aidini ndo hayo madini joto, ila hii ni ya mionzi), kinamezwa mamlaka ya afya inapotangaza, tena watoto na wajawazito ndo wa kwanza.

SWALI: Mimi serikali siiamini, kwahiyo nimeagiza kipimo changu cha mionzi mtandaoni. Kuna njia ya kujua namba wanazotoa ni za kweli au wanatupiga?

JIBU: Umefanya kitu ambacho Wajapani wengi walifanya. Ndani ya wiki moja ya ajali watu wa kujitolea walianzisha Safecast, wakafunga vipimo kwenye magari, kila usomaji unarekodiwa na mahali ulipochukuliwa, halafu unawekwa wazi kila mtu aone. Nguvu yao ilikuwa hapo, vipimo vingi vya mahali pengi ambavyo mtu yeyote anaweza kuvikagua. Kipimo chako kimoja juu ya meza hakina nguvu hiyo. Ukikiweka chini ya bomba la kumwaga maji ya paa kitapiga kelele, kwasababu mvua inakusanya uchafu hapo, ukikiinua mita moja na kusogea katikati ya uwanja kitanyamaza. Ukipiga picha ile ya kwanza ukairusha kwenye grupu hujadanganya, ila umetisha watu bure. Na chakula usijaribu kabisa kukipima nacho, hiyo ni kazi ya maabara.

Namba bila mahali ni hatari hata kwa wataalamu. Ile siku ya tatu ya Three Mile Island, Ijumaa, helikopta ilipima milirem 1,200 kwa saa (milirem ni kipimo cha mionzi inayompata mtu). Ilikuwa inaelea juu ya bomba la kutolea hewa la kinu, juu kabisa. Huko Washington kuna mtu alikuwa ametoka kupiga hesabu ya makadirio ya watu walioko chini nje ya uzio, akapata 1,200 vilevile, bahati mbaya tupu, wakaona basi imethibitika, wakapendekeza watu wahamishwe. Hawakuuliza imepimwa wapi.

Kwahiyo ukisikia namba, uliza imepimwa wapi, lini, na kikomo ni kipi kwa mtu gani. Maji ya bomba ya Tokyo tarehe 23 Machi 2011 yalitangazwa kuwa na bekereli 210 za aidini 131 kwa kilo (bekereli ni kipimo cha mionzi iliyomo ndani ya kitu). Kikomo cha watoto wachanga kilikuwa 100, cha wakubwa 300, kwahiyo kwa mtu mzima bado, kwa mtoto imepita. Wakagawa maji ya chupa kwa wenye watoto wachanga, kesho yake kipimo kikashuka hadi 79. Ilitangazwa vizuri tu, na bado maji ya chupa yaliisha madukani siku ile ile, maana imani ilishaondoka wiki moja nyuma.

Kingine, angalia kama kikomo chenyewe kimehamishwa katikati ya mchezo. Kikomo cha kawaida cha raia ni milisieverti 1 kwa mwaka (nayo ni kipimo cha mionzi inayompata mtu). Aprili 2011 serikali ikasema mashule ya Fukushima yanaweza kutumika hadi 20. Toshiso Kosako, profesa aliyekuwa mshauri wa Waziri Mkuu, akajiuzulu, akalia mbele ya kamera akisema hawezi kukubali watoto wapewe kiwango hicho. Wizara ikarudi nyuma mwezi uliofuata, ikasema inalenga 1. Mzazi gani baada ya hapo anapokea namba ya tatu bila kununa?

SWALI: Lakini haya ni ya zamani mhariri. Sasa hivi wanamwaga maji ya kinu cha Fukushima yaliyosafishwa baharini, shirika la kimataifa limesema ni salama, na bado watu wanapinga. Hapo si ubishi tu? Wewe hao samaki ungekula?

JIBU: Ningekula, bila wasiwasi. Maji yalianza kutolewa tarehe 24 Agosti 2023, yanachanganywa na maji mengine mpaka tritiamu, yani haidrojeni yenye mionzi, inashuka chini ya bekereli 1,500 kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10,000, na IAEA, hilo shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, wanakagua.

Ila wanaopinga siwaiti wabishi wote. Miaka na miaka waliambiwa maji yaliyohifadhiwa kwenye matenki pale kinuni yamesafishwa, kilichobaki ni tritiamu tu. Mwaka 2018 ikaja kujulikana kwamba sehemu kubwa ya hayo maji ilikuwa bado na vitu vingine vya mionzi juu ya kikomo, strontiamu ikiwemo, ndo TEPCO ikasema yatasafishwa upya. Na wavuvi wa Fukushima walikuwa na kitu zaidi ya stori za mtandaoni: mwaka 2015 serikali na kampuni waliwaahidi kwa maandishi kwamba maji hayo hayatamwagwa bila wahusika kuelewa na kuridhia. Shirikisho la wavuvi la taifa lilisema linapinga mpaka siku yanamwagwa, na yakamwagwa. Hao ukiwaletea ripoti ya IAEA unawajibu swali ambalo hawajauliza.